Mwanzi wa Milimani Nyuma ya Jiko



Katika barua zilizofika mezani pangu mwezi huu imo moja iliyonilazimu kuiweka kando makala ya vitunguu niliyokuwa nimekwisha kuitayarisha. Imeandikwa na mama mmoja, mke wa koplo, akaaye katika nyumba za kambi. Kambi ipi, hapana haja ya kuitaja. Mume wake alitumikia katika jeshi la Umoja wa Mataifa la kulinda amani huko Sudani Kusini, na huko alifahamiana na askari wa Nepali. Aliporudi nyumbani, pamoja na zawadi za watoto, alileta masimulizi ya milima ya Himalaya, na hasa ya mianzi imeayo huko, ambayo watu huifuma matenga, huiezekea mabanda na hata kula vichipukizi vyake.

"Mwalimu," aniandikia mama huyo, kwani wasomaji wengi bado huniita hivyo ingawa chaki niliiacha miaka kadhaa iliyopita nikahamia ofisini, "nina maswali matatu. La kwanza, je, mwanzi wa Himalaya waweza kuota Gisenyi? La pili, je, ni kweli kwamba mwanzi karibu na nyumba huleta nyoka na mbu? La tatu ndilo linisumbualo zaidi. Katika miaka sita tumehamishwa mara tatu. Kwa nini nipande kitu ambacho atakayekivuna ni mtu mwingine?"

Nimeyasoma maswali hayo mara nyingi. Nitayajibu kwa zamu, na lile la tatu nitaliweka mwisho, kwa kuwa ndilo zito.

JAMAA WAWILI WALIO MBALI

Yafaa kwanza tuelewane juu ya jambo moja: mwanzi si mti. Ni nyasi, ndugu yake muwa, mtama na mahindi. Ndiyo maana hauneni mwaka hadi mwaka kama unenavyo mparachichi. Kichipukizi cha mwanzi hutoka ardhini kikiwa na unene wake wote, nacho hufikia urefu wake wote kwa muda wa majuma au miezi michache tu. Baada ya hapo kazi yake ni kukomaa, si kukua. Waambieni watoto wenu wapime kichipukizi kwa kamba kila asubuhi. Watajifunza hesabu bila kuambiwa kwamba wanajifunza.

Himalaya ina mianzi ya aina nyingi. Ile mikubwa huota mabondeni penye joto. Ile midogo yenye fito nyembamba, ambayo Wanepali huiita nigalo, huota juu milimani penye baridi na ukungu. Kwa mianzi hufumwa tenga liitwalo doko. Mbebaji huliweka mgongoni na kulishikilia kwa mkanda upitao juu ya paji la uso. Msomaji wa Gisenyi hana haja ya kupanda ndege ili aone ubebaji wa namna hiyo. Na asimame asubuhi katika njia ya mpakani, awatazame akina mama wa Kivu na mizigo yao. Askari wasomao ukurasa huu watapendezwa kusikia kwamba vijana wa Nepali watakao kujiunga na vikosi vya Gurkha vya jeshi la Uingereza hupimwa, pamoja na mitihani mingine, kwa mbio za kupanda mlima wakiwa wamebeba doko lenye mzigo wa mchanga.

Sasa tuinue macho kuelekea milima yetu ya Virunga. Huko juu, kiasi cha mita 2,500 hadi 3,000 kutoka usawa wa bahari, upo ukanda wa mwanzi wetu wenyewe, ambao kwa Kinyarwanda huitwa umugano. Wakati wa mvua vichipukizi vinapotoka, sokwe wa milimani huuendea ukanda huo kama watoto waendeavyo muwa. Kwa muda mrefu wataalamu wa mimea waliuhesabu mwanzi huo katika jamii moja na mianzi ya milima ya Asia. Mwaka 2013 mtaalamu Chris Stapleton aliutenga akaupa jamii yake, Oldeania, kwa jina la mlima Oldeani ulio kaskazini mwa Tanzania. Na jina la mlima huo latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mwanzi. Basi ule wa Himalaya na huu wetu ni jamaa walio mbali, wenye tabia moja ya kupenda baridi, ukungu na udongo wenye mboji.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni hili. Hewa ya Gisenyi ni ya upole, baridi ya kuua mmea haipo, na udongo wetu wa volkano ni wenye rutuba. Yamkini baadhi ya mianzi ya Himalaya ingestahimili hapa. Hata hivyo, sikushauri uitafute. Kuvusha mmea hai au mbegu kutoka nchi nyingine bila kibali cha idara inayohusika ni kosa, na sababu yake ni ya haki, kwani katika udongo wa mche mmoja waweza kuja mdudu au ugonjwa wa kutia hasara mashamba ya wilaya nzima. Pili, cha nini kufuata Himalaya kile kilichoko nyumbani?

Lakini jihadhari: usichimbue mwanzi katika Hifadhi ya Volkano wala katika msitu wa Gishwati. Hizo ni hifadhi za taifa, na kukata au kung'oa humo kumekatazwa. Nenda kwenye vitalu vya miche, au omba kipande kwa jirani aliye na kichaka.

UCHAGUE UPI?

Chagua kwa kufuata mwinuko wa mahali ukaapo. Mji wa Gisenyi, kando ya ziwa, uko kwenye mita 1,460 na zaidi kidogo. Hapo umugano wa milimani hautafurahi. Joto la mchana litauchosha. Heri upande mianzi iliyokwisha kuzoea hapa, kama ule mnene wa kijani au wa manjano wenye michirizi ya kijani, uonekanao katika bustani nyingi. Wale wakaao juu zaidi, kama vile Bugeshi, ambako asubuhi huamka na ukungu, wao waweza kuujaribu wa milimani.

Jambo la pili la kuchagua ni kubwa kuliko la kwanza, nami nililijifunza kwa aibu. Mianzi ni ya namna mbili. Iko ile ikaayo katika kichaka kimoja. Shina lake lilalalo chini ya udongo ni fupi na nene, na kichaka hupanuka polepole kama familia yenye adabu. Mingi ya ile midogo ya Himalaya ni ya namna hii. Na iko ile ikimbiayo. Shina lake la chini ni jembamba na refu, hutembea mita kadhaa gizani, halafu huibuka pale usipoutarajia. Umugano wa milimani nao haukai umebanana sana, kwa hiyo upe nafasi.

Mimi, nilipokuwa katika nyumba yangu ya kwanza ya kupanga, nilipewa mche mzuri wenye majani membamba. Sikuuliza ni wa namna gani. Nilifurahi tu, nikaupanda mita moja kutoka kwenye ua. Mwaka wa kwanza ulitulia. Mwaka wa pili ulitulia. Mwaka wa tatu, asubuhi moja ya mwezi wa Oktoba, jirani yangu, mzee mmoja sajini mstaafu, alibisha hodi.

"Shikamoo, Mzee," nikamwambia.

"Marahaba, Mwalimu. Nimekuja kutoa taarifa. Askari wako wamevuka mpaka usiku bila kibali. Saba nimewakamata katika bustani yangu ya karoti."

Nilidhani anatania. Nikaenda, nikaviona vichipukizi saba vimesimama katikati ya karoti, vimenyooka kweli kama askari walio katika gwaride. Nilisema maneno mengi ya kujitetea, kwamba mmea hauna macho, kwamba mvua zilikuwa nyingi. Mzee alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Mwalimu, sitaki tupelekane kwa wapatanishi kwa ajili ya nyasi. Lakini nataka karoti zangu."

Tulichimba siku mbili, yeye na mimi, kwa sepetu na panga, tukiufuata uzi ule wa mizizi hatua kwa hatua. Karoti zake nilimlipa. Tangu siku hiyo sipandi mwanzi kabla ya kuchimba pembeni mwa mche nione shina la chini likoje. Ikiwa ni fupi na nene, limejikunja kama pembe, huo ni wako. Ikiwa ni refu na jembamba kama kamba, mrudishie mwenyewe na umshukuru.

NAMNA YA KUPANDA

Panda mwanzoni mwa mvua, yaani mwezi wa Septemba au Machi, ili mche uwe umeshika kabla ya kiangazi cha Juni hadi Agosti. Fuata hatua hizi:

1. Chagua mahali palipo angalau mita 3 au 4 kutoka ukuta wa nyumba, choo na mabomba ya maji. Kama ni kando ya mto, mfereji mkubwa au ziwa, uliza kwanza ofisi ya sekta, kwa kuwa sheria imetenga ukanda wa kulinda kingo hizo.

2. Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, na kina hicho hicho. Weka kando udongo wa juu, uuchanganye na samadi iliyooza vizuri, debe moja au mawili.

3. Chukua kipande chenye mwanzi wa umri wa mwaka mmoja au miwili, pamoja na shina lake la chini na mizizi. Kata sehemu ya juu ubakize kiasi cha mita moja, yenye mafundo mawili au matatu. Usiiache mizizi ikauke. Ifunge kwa gunia bichi.

4. Panda kwa kina kile kile ilichokuwa nacho, shindilia udongo kwa mguu, mwagilia. Kati ya kichaka na kichaka acha mita 4 au 5 kwa mianzi minene, na mita 2 kwa ile membamba.

5. Tandaza majani makavu chini yake, nene kama kiganja kilichosimama. Majani ya mwanzi wenyewe yaangukapo usiyafagie. Hicho ndicho chakula chake.

Mwaka wa kwanza utaona fito nyembamba kama penseli, na majirani watakucheka. Vumilia. Kila mwaka vichipukizi vipya hutoka vinene kuliko vya mwaka uliotangulia. Baada ya miaka mitatu hadi mitano waweza kuanza kuvuna.

KUVUNA NA KUTUMIA

Kata ile iliyotimiza miaka mitatu tu. Utaitambua kwa rangi yake iliyofifia na ukoga ulioota juu ya ngozi yake. Iliyo michanga hung'aa na bado huwa na maganda kwenye mafundo. Usikate zaidi ya theluthi moja ya kichaka kwa mwaka, wala usikate wakati vichipukizi vinatoka.

Faida iliyo karibu zaidi na chungu cha mama wa nyumbani ni vijiti vya maharagwe. Katika nchi yetu ya kaskazini-magharibi tunapanda maharagwe marefu yapandayo juu, ambayo huzaa zaidi ya yale mafupi katika kipande kidogo cha ardhi. Nayo yadai vijiti virefu, na kila msimu wengi wetu hununua au hukata miti michanga ambayo ingefaa kuachwa ikue. Kichaka kimoja cha mianzi kilichotunzwa huondoa gharama hiyo. Pamoja na hayo, kuna matenga ya viazi, nyungo, ua wa kuku na kamba za kuanikia nguo kwa nguzo zake.

Mwanzi uliokatwa una wanga ndani yake, na wanga humwita bungua. Kabla ya kuutumia katika ujenzi, ulaze katika maji yatembeayo kwa majuma matatu au manne ili wanga utoke, kisha uukaushe kivulini ukiwa umesimama.

Ama kuhusu kula vichipukizi, yule koplo hakudanganya. Huko Mlima Elgon, upande wa Uganda, Wagisu huvikausha kwa moshi na kuvipika kwa karanga. Chakula hicho huitwa malewa, nao hukithamini sana katika sherehe zao. Lakini vichipukizi vibichi vya mianzi mingi vina sumu ya aina moja na ile ya mihogo michungu. Yapasa vimenywe, vikatwe vyembamba, vichemshwe vizuri na maji yake yamwagwe. Usimpe mtoto kichipukizi kibichi hata siku moja, wala usile cha mwanzi usioujua.

NYOKA, MBU NA PANYA

Sasa swali la pili. Nyoka haji kwa sababu ya mwanzi; huja kwa sababu ya panya na takataka. Kichaka kilichosafishwa, ambacho fito zilizokufa zimeondolewa na mtu aweza kuona upande wa pili, si makao ya nyoka. Mbu ni hatari ya kweli, nayo hutokana na ukataji mbaya. Mtu akatapo katikati ya pingili huacha kikombe kinachokaa maji ya mvua, na humo mbu hutaga. Kata juu kidogo tu ya fundo, karibu na ardhi, hapatakuwa na kikombe.

Liko jambo jingine ambalo wachache hulijua. Mianzi mingi hutoa maua mara moja tu baada ya miaka mingi sana, tena mingi kwa wakati mmoja, na baada ya kuzaa mbegu hufa. Katika milima ya Mizoram, kaskazini-mashariki mwa India, ipo mianzi itoayo maua kila baada ya miaka 48 hivi. Mwaka 1959 mbegu zake zililisha panya wasiohesabika, na mbegu zilipokwisha panya hao waliingia mashambani. Njaa ikafuata, na manung'uniko ya njaa hiyo yalikuwa miongoni mwa sababu za uasi wa silaha uliozuka huko mwaka 1966. Mianzi hiyo ilichanua tena kati ya mwaka 2006 na 2008. Nayasema haya si kwa kutisha. Kichaka kimoja nyuma ya jiko hakitaleta njaa. Fundisho lake ni kwamba tusitegemee aina moja tu ya mmea. Panda mwanzi, lakini panda na mti mwingine kando yake.

ATAKAYEVUNA NI NANI?

Nimefika kwenye swali la tatu, mama yangu.

Nyumba niishiyo sasa iko katika bonde la mto Sebeya. Nilipohamia, nilikuta nyuma ya jiko kichaka kikubwa cha mianzi, kando ya mfereji unaoteremka mtoni. Sikukipenda. Kilitia giza jikoni, na majani yake yaliingia katika sufuria. Mara mbili nilitafuta kibarua wa kukikata, na mara mbili hatukuelewana bei.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 ilinyesha mvua ambayo sote tunaikumbuka. Katika nchi yetu walikufa watu zaidi ya 130 usiku huo kwa mafuriko na maporomoko, na Sebeya uliingia majumbani mwa watu wa Rubavu. Sisi tulitoka na watoto mgongoni, tukapanda juu kwenye mteremko, tukasubiri huko mpaka kukapambazuka.

Sitaki kumdanganya mtu: mwanzi haukuuzuia mto. Hapana mmea uwezao kuzuia mto wa namna ile, na mtu aambiwapo ahame mahali pa hatari, ahame, asingoje mianzi. Lakini tuliporudi, ukingo wa mfereji ulikuwa umemegwa juu na chini ya kiwanja chetu, na ardhi imekwenda na maji. Pale kichaka kiliposimama, ardhi ilibaki, imefumwa na mizizi kama tenga. Jiko lilikuwa juu ya ardhi hiyo. Nalo lilibaki.

Nilianza kuuliza ni nani aliyekipanda. Wazee wa kijiji walisema ni mke wa polisi mmoja aliyekaa katika nyumba ile zamani, kabla ya kuhamishiwa jimbo jingine. Jina lake hawakulikumbuka. Walikumbuka tu kwamba walimwita "Mama wa Mianzi", na kwamba walimwita hivyo kwa dhihaka, kwa kuwa mahali ambapo wenzake walipanda maharagwe yeye alipanda nyasi. Hakukata fito hata moja. Alihama mwaka wa pili.

Mimi ndiye ninayekata. Vijiti vya maharagwe yangu ni vyake. Ningependa kumshukuru, lakini sijui nimtafute wapi. Huenda anasoma ukurasa huu katika nyumba nyingine ya serikali, nyuma ya jiko jingine.

Basi, mama yangu, jibu langu ni hili. Panda. Na barua ya uhamisho ikifika, chimbua kipande kimoja chenye mizizi, ukifunge katika gunia bichi, ukipakie pamoja na masufuria. Kichaka chenyewe mwachie yule ajaye. Huko uendako nako utakuta kitu ambacho mwingine alikipanda asikivune, hata kama ni mparachichi mmoja tu. Nyumba za askari na watumishi wa serikali hazina mwenyewe, lakini ardhi iliyo chini yake ni ya nchi, na nchi ni yetu sote.

Mwambie koplo kwamba nimefurahishwa na masimulizi yake. Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutavirudia vitunguu vyetu.